Maneno ya Jikoni, Maneno ya Darasani

Siku ya kumwandikisha mtoto chekechea katika shule ya mchepuo wa Kiingereza, iwe Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, mzazi hupewa orodha ya sare, orodha ya madaftari, na mara nyingi ushauri mmoja usioandikwa popote: jitahidini kuongea naye Kiingereza nyumbani, la sivyo ataachwa na wenzake. Wengi huutii. Baba ambaye Kiingereza chake ni cha ofisini, na mama aliyekiacha kidato cha nne, hurudi nyumbani wakaanza kumlea mtoto kwa lugha ambayo wao wenyewe hawajawahi kuitumia kubembeleza, kutania wala kusimulia. Muda si mrefu maongezi ya nyumba nzima yanabaki kuwa njoo, kaa, kula, lala, acha hivyo.

Ushauri huo unakichukulia kichwa cha mtoto kama debe: kila kibaba cha Kiswahili kinachoingia kinapunguza nafasi ya Kiingereza. Una historia ndefu. Adhabu ya kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea lugha ya nyumbani, ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza katika kitabu chake cha insha cha mwaka 1986, ilitokana na imani hiyohiyo. Leo vibao vimepungua, lakini imani imehamia sebuleni, na sasa anayeisimamia ni mzazi mwenyewe, kwa nia njema kabisa.

Imani hiyo imepimwa, tena hapa hapa Afrika Mashariki. Kati ya Septemba 2015 na Oktoba 2016, Heather Knauer na wenzake walipima msamiati wa watoto 505 wa miaka miwili hadi sita katika vijiji vya magharibi mwa Kenya. Kila mtoto alipimwa kwa lugha tatu, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza, kisha akapimwa tena baada ya wiki tano au sita. Kama nadharia ya debe ingekuwa kweli, watoto waliojaa Kijaluo wangekuwa nyuma katika Kiingereza. Ikawa kinyume. Mtoto aliyekuwa na msamiati mpana wa Kijaluo katika kipimo cha kwanza ndiye aliyeelekea kuwa na msamiati mpana wa Kiingereza katika kipimo cha pili, hata baada ya kuzingatia Kiingereza alichokuwa nacho tangu mwanzo. Kiswahili nacho kilichangia, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi.

Kuna tokeo jingine katika utafiti huo ambalo lingefaa kusomwa kwenye kila kikao cha wazazi. Mzazi kujua kusoma Kijaluo kulihusiana na msamiati wa Kiingereza wa mtoto wake. Mzazi kujua kusoma Kiingereza hakukuhusiana nao. Ni kweli wiki tano ni muda mfupi, na mambo mawili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba moja limezaa jingine. Hata hivyo, anayemshauri mzazi anyamazishe lugha ya nyumbani ili kuokoa Kiingereza ndiye anayepaswa sasa kuleta ushahidi wake.

Sababu yenyewe si ngumu kuikisia. Mtoto wa miaka minne anayejua kuazima ni nini, kwamba kitu kinatolewa, kinatumika, kisha lazima kirudi kwa mwenyewe, ameshafanya kazi kubwa. Atakapolikuta neno la Kiingereza kwa jambo hilo, atalibandika tu juu ya maana aliyokwisha kuwa nayo. Yule aliyenyimwa mazungumzo ya namna hiyo kwa sababu nyumba yao ililazimisha lugha wasiyoimudu atakutana na neno na maana siku moja, darasani, mbele ya mwalimu mwenye wanafunzi wengine arobaini.

Hapa ndipo suala la kuhesabu linapoingia, maana hofu nyingi za wazazi zimetokana na hesabu mbovu. Mwaka 1993 Barbara Pearson na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wadogo wa Miami waliokuwa wakikua na Kihispania na Kiingereza. Ukihesabu maneno ya lugha moja peke yake, baadhi walionekana kupungukiwa. Ukijumlisha lugha zote mbili, walikuwa sawa na watoto wa lugha moja. Mtoto anayejua kuku kwa Kiswahili na gari kwa Kiingereza anajua vitu viwili, lakini mtihani wa Kiingereza utamwandikia kimoja, na wa Kiswahili utamwandikia kimoja.

Hesabu ya namna hiyo inawezekana hata kwa lugha zetu. Pwani ya Kenya, Katherine Alcock wa Chuo Kikuu cha Lancaster na watafiti wenzake wa Kilifi walitengeneza orodha za maneno za kupimia watoto wanaoanza kusema, moja ya Kiswahili na nyingine ya Kigiriama, na kuchapisha kazi hiyo mwaka 2015. Kwingine orodha za aina hii hujazwa na mzazi mwenyewe kwa kalamu. Kilifi wazazi wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo waliulizwa ana kwa ana, neno kwa neno: hili analielewa? Analitamka? Mama ambaye hajawahi kushika kitabu anaweza kueleza kwa undani maneno aliyo nayo mwanawe, kwa kuwa ndiye anayeyasikia kutwa nzima.

Lakini kujumlisha lugha mbili hakumalizi maelezo, kwa sababu maneno hayagawanyiki kiholela. François Grosjean, mtaalamu wa Uswisi aliyeandika sana kuhusu watu wa lugha mbili, anaeleza kwamba kila lugha hukua kulingana na kazi inayopewa, watu inaozungumzwa nao na mahali inapotumika. Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulitoka Kanada mwaka 2010. Ellen Bialystok na wenzake walichambua vipimo vya msamiati wa Kiingereza vya watoto 1,738 wa miaka mitatu hadi kumi. Kwa wastani, watoto wa lugha mbili walikuwa chini kidogo ya wale wa lugha moja. Walipochambua neno moja moja kwa watoto wa miaka sita, pengo likaonekana liko wapi: katika maneno ya nyumbani. Katika maneno ya shuleni watoto walikaribiana sana. Jikoni kwao kulizungumzwa lugha nyingine; hakukuwa na sababu ya wao kujua majina ya Kiingereza ya vyombo vya jikoni.

Mgawanyo huo unaonekana wazi kwenye jiko lolote la Tanga. Mtoto anayekaa kando ya bibi yake Jumapili asubuhi anaona nazi inavunjwa, inakunwa kwenye mbuzi, machicha yanatiwa maji na kukamuliwa kwa kifumbu, tui zito linawekwa kando, kisha machicha yanatiwa maji tena kwa tui la pili jepesi. Bibi anamwambia lipi linatangulia chunguni na lipi linangoja hadi mwisho, na kwa nini mtu asiache kulikoroga tui likachemka lenyewe, maana litakatika. Ndani ya nusu saa mtoto amepata nomino za vyombo, vitenzi vya kazi, mpangilio wa hatua, na sentensi ndefu zenye kwa sababu na ili na kabla. Hicho cha mwisho ndicho mwalimu wa sayansi atakachokitafuta miaka sita baadaye, awe anafundisha kwa Kiswahili au kwa Kiingereza.

Upande wa pili wa mgawanyo nao unafahamika. Mtajie mwanafunzi wa darasa la tano wa shule ya mchepuo wa Kiingereza jijini Dar es Salaam namba ya simu yenye themanini na tisa ndani yake, uone anavyosita. Rangi ya zambarau anaijua kwa Kiingereza tu. Maumbo, miezi, sayari, sehemu za ua: vyote viko darasani. Kuna wazazi wanaolichukulia hili kama ishara ya kuendelea. Kwa kweli ni ishara kwamba nyumbani hakuna mtu anayezungumza naye juu ya maumbo, miezi na sayari.

Basi maneno ya nyumbani yanatoka wapi, na kwa wingi gani? Jibu lililovuma kuliko yote lilitoka Kansas, Marekani. Betty Hart na Todd Risley walizitembelea familia 42, wakirekodi saa moja kila mwezi kwa takriban miaka miwili na nusu. Katika kitabu chao cha 1995 walikisia kwamba, kabla ya kuanza shule, mtoto wa familia yenye wasomi amekwisha kusikia maneno milioni 30 zaidi ya mtoto wa familia maskini inayoishi kwa msaada wa serikali. Takwimu hiyo ilisafiri dunia nzima, ikaingia kwenye hotuba za wanasiasa na kwenye miongozo ya malezi. Kisichosemwa sana ni kwamba familia zilizoishi kwa msaada katika utafiti huo zilikuwa sita tu.

Mwaka 2019 Douglas Sperry na wenzake walirudia swali hilo katika jamii kadhaa za Marekani, ila wao hawakuishia kuhesabu maneno ya mama kwa mtoto wake. Walihesabu ya walezi wote, kisha wakaongeza maongezi yanayopita sikioni mwa mtoto bila kuelekezwa kwake. Pengo lilipungua sana, na katika baadhi ya jamii maskini watoto walisikia maneno mengi kuliko wa familia zenye uwezo.

Msomaji wa Afrika Mashariki hatashangaa. Nyumba ya Kariakoo au Majengo si mama na mtoto wawili sebuleni. Kuna bibi, shangazi, binamu waliokuja kusoma mjini, dada wa kazi kutoka Iringa au Singida, jirani anayeomba chumvi, na watoto wa mtaa mzima barazani. Hata hivyo isichukuliwe kwamba kelele zinatosha. Adriana Weisleder na Anne Fernald wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha mwaka 2013, kwa familia 29 zinazozungumza Kihispania, kwamba maneno yaliyoelekezwa kwa mtoto ndiyo yaliyoendana na ukubwa wa msamiati wake, na yale ya kusikia kwa pembeni hayakuendana nao. Tafiti hizi mbili hazigongani sana kama zinavyoonekana: moja inahesabu yaliyofika sikioni, nyingine inaangalia yaliyobaki. Na nyumba kubwa ina faida hii, kwamba wanaoweza kumgeukia mtoto ni wengi. Yule dada wa kazi anayemsimulia mtoto safari ya basi kutoka kwao anafanya kazi ya ualimu asiyolipwa, na mara nyingi ndiye anayeambiwa kwanza anyamaze kwa kuwa hajui Kiingereza.

Kuhusu ubora, kazi za Erika Hoff na Silvia Place huko Florida zinatoa onyo la moja kwa moja kwa wale wa njoo-kaa-kula. Kwa watoto wa miaka miwili wanaokua na lugha mbili, msamiati wa Kiingereza ulikua zaidi pale walipokisikia kwa watu wengi tofauti, na pale sehemu kubwa ya walichosikia ilipotoka kwa watu wanaokimudu tangu utotoni. Saa ya Kiingereza cha kubabaisha haikuwa na uzito sawa na saa ya Kiingereza cha mwenyewe. Mzazi wa Kitanzania asiyekimudu Kiingereza anapoacha Kiswahili chake, anabadilisha kitu alicho nacho kwa wingi kwa kitu alicho nacho kidogo, na mtoto ndiye anayelipa tofauti.

Kisha kuna kitabu. Maongezi ya kila siku, hata ya watu waliosoma sana, yanazunguka katika maneno yaleyale. Donald Hayes na Margaret Ahrens walihesabu mwaka 1988, kwa Kiingereza, wakakuta vitabu vya watoto vina maneno adimu yapatayo 31 katika kila maneno 1,000, wakati mazungumzo ya watu wazima wenye shahada wakiongea na rafiki zao yalikuwa na 17 hivi. Maana yake ni kwamba kitabu cha mtoto wa darasa la pili kinaweza kumzidi profesa aliyekaa kwenye kahawa. Mwaka 2015 Jessica Montag na wenzake walilinganisha vitabu 100 vya picha na maongezi ya wazazi kwa watoto, wakapata sura ileile: vitabu vina maneno ya aina nyingi zaidi. Ni jambo linaloeleweka. Ukiongea na mtoto unaongea juu ya kilichopo mbele yenu. Kitabu kinaleta fisi, jangwa, mfalme na dhoruba ndani ya chumba kimoja cha Mbagala.

Waswahili walikuwa na njia yao ya kuleta fisi ndani ya chumba kabla ya vitabu kuenea. Paukwa, pakawa, na sungura keshaanza ujanja wake. Kitendawili, tega, na mtoto lazima afumbue fumbo: kuku wangu katagia mibani. Asiyejua miba wala kutaga hatalifikia nanasi. Ngano na vitendawili ni lugha iliyopandishwa juu ya maongezi ya kawaida, yenye maneno ambayo hayatumiki kuombea chumvi wala kuitia daladala. Nyumba isiyo na kitabu hata kimoja lakini yenye mtegaji hodari wa vitendawili si nyumba maskini kwa lugha, na sera za kukuza usomaji mara nyingi hulisahau hilo.

Lakini nyumba nyingi za mjini zimepoteza mtegaji bila kupata kitabu. Nafasi hiyo imechukuliwa na simu. Hata huko tofauti ipo. Mwaka 2018 Dina Borzekowski alichapisha matokeo ya jaribio la Morogoro, ambako watoto wa shule za awali walionyeshwa katuni ya Akili and Me ya shirika la Ubongo, iliyotengenezewa Dar es Salaam. Walioitazama walifanya vizuri zaidi katika kutambua namba, maumbo, kuhesabu na hata Kiingereza. Katuni iliyotungwa kwa ajili ya mtoto wa hapa, kwa lugha anayoielewa, inafundisha. Video za kujirudia zisizo na maneno, zile za kumtuliza mtoto mama apate kupika, ni jambo jingine.

Jaribio lenye somo kubwa zaidi ni la vijiji vya magharibi mwa Kenya, la timu ya Knauer, Pamela Jakiela, Owen Ozier, Frances Aboud na Lia Fernald, lililochapishwa mwaka 2020. Walezi 357 waligawanywa kwa kura. Kundi moja halikupata kitu. Jingine lilipewa vitabu vya hadithi vyenye picha, vilivyoandaliwa kwa mazingira na lugha zao. Makundi mengine yalipewa vitabu pamoja na mafunzo, kwa viwango tofauti, ya namna ya kukaa na mtoto na kitabu.

Njia yenyewe ilianzia Marekani, ambako Grover Whitehurst na wenzake waliionyesha mwaka 1988, na inahitaji subira zaidi ya elimu. Mzazi hamsomei mtoto aliyenyamaza. Anafungua ukurasa wenye picha ya mbuzi aliyepanda juu ya paa na kuuliza: nani huyu? Yuko wapi? Amepandaje huko? Mtoto akijibu mbuzi, mzazi anaongeza: ndiyo, mbuzi mweusi, amepanda juu ya paa la bati. Kesho yake, picha ileile, mtoto anatakiwa aseme zaidi: mwenyewe yuko wapi? Akimkuta atafanya nini? Siku ya tatu mtoto ndiye msimuliaji, mzazi anasikiliza na kudakia.

Matokeo ya jaribio lile la Kenya yalikuwa kwamba vitabu vilivyoambatana na mafunzo viliongeza mara za kusoma pamoja, viliboresha namna mzazi na mtoto walivyozungumza juu ya kitabu, na watoto walijifunza kuyatamka maneno yaliyokuwa katika hadithi zile. Kwenye msamiati, ni mafunzo yaliyoleta tofauti. Na watoto wa walezi wasiojua kusoma walinufaika angalau sawa na watoto wa wanaojua. Katika baadhi ya vipimo walinufaika zaidi. Ukilizingatia hili, utaona udhaifu wa kampeni zinazohesabu mafanikio kwa idadi ya vitabu vilivyogawiwa.

Nje ya Afrika Mashariki mizani inageuka. Mtoto wa Kiswahili anayekulia Muscat, London au Columbus, Ohio hana haja ya kupiganiwa lugha ya shule. Itamfuata hadi kitandani. Annick De Houwer alipokusanya taarifa za familia 1,899 za Flanders, Ubelgiji, ambamo angalau mzazi mmoja alizungumza lugha nyingine zaidi ya Kiholanzi, alikuta karibu robo hazikuwa na mtoto anayeisema lugha hiyo. Pale wazazi wote wawili waliposhikilia lugha yao peke yake nyumbani, karibu wote walifanikiwa kuirithisha. Pale kila mzazi alipobaki na lugha yake, ule utaratibu unaosifiwa sana wa mzazi mmoja lugha moja, mafanikio yalikuwa kama 74 katika kila familia 100. Familia za Oysterbay na Masaki, Dar es Salaam, zisizozungumza Kiswahili na watoto wao zingefaa kuziangalia namba hizo, kwa kuwa kwa lugha zimekwisha kuishi ughaibuni bila kupanda ndege.

Kwa mzazi aliyebaki na Kiswahili chake, mambo ya kuanzia yapo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukisaidia kuchapisha vitabu vya Kiswahili tangu 1991. African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini, una hadithi za picha za bure kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine nyingi za eneo hili, na zinafunguka kwenye simu ya kawaida ya intaneti. Mtoto wa miaka mitatu hadi saba hawezi kusema amekosa.

Taabu huanza akifika tisa. Ameshazimaliza hadithi za sungura, anataka kujua papa hulalaje, volkano hutapika nini, nani alijenga Kilwa. Kwa Kiingereza vipo vitabu vya picha na maelezo vya kila kimo. Kwa Kiswahili, katika duka la vitabu la kawaida, baada ya rafu ya hadithi fupi za watoto inafuata rafu ya vitabu vya kiada, kisha tamthilia na riwaya zinazotahiniwa sekondari. Katikati pana nafasi tupu ya miaka mitatu au minne, miaka ileile ambayo mtoto anajisomea mwenyewe na kuokota maneno bila kufundishwa. Mtoto wa Temeke aliyelelewa vizuri na ngano za bibi yake anafika hapo na njaa ya kusoma, anakuta kinachomjibu ni kitabu cha maandalizi ya mtihani. Kazi hiyo si ya mama wala ya dada wa kazi. Ni ya wachapishaji, na ya serikali zinazonunua vitabu kwa ajili ya shule, ambazo hadi sasa fedha zao nyingi zinakwenda kwenye kiada.